Komeo la Juu

Mzee Reki alikutwa amelala chali chini ya mtelezo wa bati, macho wazi, kisogo kimekaa kwenye ukingo wa saruji. Damu ilikuwa imeshaanza kuganda. Nusu ya mchanga wa watoto ilikuwa imesawazishwa vizuri, mistari ya reki imenyooka. Nusu nyingine ilikuwa bado na mashimo ya jana, na katikati yake kijiko chekundu cha plastiki kilichosahauliwa.

Inspekta alikitazama kile kijiko muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kilikuwa cha mwanawe.

Alikijua kwa mpini. Chiriku, binti yake wa miaka mitatu, alikuwa ameutafuna mpaka ukapinda, na jana jioni alilia njia nzima akikidai. Angekuwa mama tu, angekiokota akakifuta mchanga. Lakini alikuwa askari kazini, akakiacha kipigwe picha pamoja na vitu vingine vya eneo la tukio.

Uwanja huu aliujua kuliko ofisi yake. Bembea nne, mtelezo, ubao wa kupanda na kushuka uliovunjika, na benchi moja refu ambalo akina mama walikaa wakisengenya huku jicho moja liko kwa watoto. Siku za mapumziko na yeye alikaa hapo. Siku za kazi mama yake mzazi ndiye aliyemleta Chiriku. Na Mzee Reki, mtunzaji wa uwanja, kila asubuhi aliupitishia reki ule mchanga akitoa vipande vya chupa kabla ya watoto kuja, ndiyo maana wakambandika lile jina.

"Haya, daktari, nipe habari," alisema Inspekta.

Daktari wa polisi alikuwa amechuchumaa kando ya maiti, glavu mkononi. "Pigo moja tu. Kisogoni. Fuvu limepasuka."

"Kaanguka mwenyewe?"

"Mtu akianguka mwenyewe hujishika. Viganja vyake vizima kabisa." Alifungua vifungo vya shati la marehemu. Kifuani palikuwa na alama mbili nyekundu, moja kila upande. "Kasukumwa. Mikono miwili, kwa nguvu, na mwenyewe hakutegemea."

"Lini?"

"Asubuhi hii hii, jua likishachomoza. Mengine mpaka baada ya uchunguzi wa maiti."

Koplo alikuwa ameinama kwenye ukingo wa mchanga. Alikuwa kijana mpole mwenye mdomo usiotulia. "Afande, njoo uone. Marehemu alikuwa na mgeni."

Vikombe viwili vya bati vilikuwa vimekaa juu ya ukingo, pembeni mwa chupa ya chai. Kimoja kilikuwa kimebaki na sukari chini. Cha pili kilikuwa kimejaa pomoni, chai imepoa na kufanya utando juu.

"Huyu mgeni hakugusa chai," Koplo alisema. "Tena chai ya Mzee Reki, mtu na akili zake hawezi kuiacha."

"Vitie kwenye vifuko. Alama za vidole zote."

"Ndiyo, afande. Ila majibu mpaka kesho kutwa. Maabara unaijua, wale watu hawana haraka hata nyumba ikiungua."

Inspekta hakucheka. Alikuwa bado anavitazama vile vikombe viwili. Mzee Reki hakumkaribisha chai mtu asiyemjua. Aliyemsukuma alikuwa mtu wa hapa hapa, mtu wa benchi. Yaani huenda mikono iliyoacha zile alama kifuani ndiyo iliyowahi kumsukuma Chiriku kwenye bembea, na Chiriku akacheka na kusema tena, tena.

Aliyeikuta maiti alikuwa Mama Pacha. Alikuwa amekalia benchi la nje ya uzio, mapacha wake wa kiume mmoja kila paja, amewabana kana kwamba watanyakuliwa.

"Pole, Mama Pacha."

"We acha tu, Mama Chiriku. Yaani mpaka sasa siamini."

"Nieleze ulivyofika. Polepole."

"Nimefika mapema, hawa wameniamsha na kelele zao. Nikasema bora nikawamwage uwanjani. Mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Nikapambana na lile komeo, unalijua linavyosumbua, ikabidi nimtue huyu chini. Nikaingia. Nikaita, Mzee wangu, hujambo? Kimya. Ndiyo kutupa macho kwenye mtelezo..." Alifumba macho. "Watoto wameona, Mama Chiriku. Huyu ananiuliza mbona babu amelala."

"Ulimwona mtu akitoka?"

"Sikuona mtu."

"Marehemu alikuwa na ugomvi na mtu yeyote?"

Mama Pacha alisita, akawatazama wanawe, kisha akasogea. Alikuwa mwenyekiti wa benchi bila kuchaguliwa, na habari ilikuwa inamwasha ulimini. "Sipendi umbea, lakini Fundi. Yule wa kuchomelea, aliyeletwa kutengeneza ule ubao uliovunjika. Jana walishikana maneno hapa, uwanja mzima umesikia."

"Maneno gani?"

"Fundi aliingia na vyuma vyake akaacha geti wazi. Si kawaida yake kufunga. Mzee Reki akamjia juu. Na mzee wa watu hana ukali, lakini jana alibadilika, midomo inamtetemeka. Anamwambia, 'Wewe utaua mtoto! Utaua mtoto wewe!' Fundi naye akapandwa na hasira, akajibu, 'Nitakuua wewe kwanza!'"

"Alisema hivyo?"

"Haki ya Mungu. Muulize mtu yeyote. Muulize hata yule Shangazi wa benchini, alikuwa amekaa palepale."

Saa moja baadaye Fundi alikuwa ndani. Walimkuta karakanani kwake, na mfuko wa vifaa vyake ulikutwa uwanjani, umeegemezwa ukuta wa stoo. Mkuu wa Kituo alifurahi sana. Alikuwa mtu mnene aliyependa majalada membamba.

"Kazi nzuri, Inspekta. Tishio mbele ya mashahidi, vifaa vyake eneo la tukio. Unataka nini tena? Kesho asubuhi jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

"Naomba nimhoji kwanza, mkuu."

"Mhoji. Akikiri, vizuri. Asipokiri, vizuri vilevile."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni isiyofanya kazi. Fundi alikaa mikono juu ya meza, vidole vyenye makovu ya cheche. Nje kaunta, mkewe alikuwa amesimama na mtoto mchanga begani, amekataa kukaa.

"Jana ulimtishia marehemu."

"Hasira, afande. Mdomo tu."

"Mfuko wako ulifikaje kule?"

"Niliuacha jana. Nani atabeba vyuma vile kwenda na kurudi?"

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Mtoto alikesha analia, tumepata usingizi kumekucha. Mke wangu shahidi."

"Mke si shahidi wa maana, unajua."

"Sasa nimlete nani, afande? Nilale na majirani?"

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta aliendelea. "Marehemu aliwahi kukukaribisha chai?"

"Chai! Yule mzee na mimi? Tangu siku ya kwanza ni geti, geti, geti. Kila nikipita, 'Funga komeo la juu.' Nimemwambia, mzee, komeo lenyewe bovu, geti limeinama, ukisukuma haliingii. Anasema kuna namna yake. Namna gani? Mimi ni fundi wa vyuma na sijawahi kuliweza. Nikasema nikimaliza ubao nitalitengeneza. Hataki kusikia."

"Kwa hiyo uliliacha wazi."

"Kila siku. Sikufichi." Uso wake ulikunjamana. "Afande, mimi nimeshika mtoto wangu leo asubuhi. Nimuue mtu halafu nikambebe mtoto?"

Inspekta alifunga daftari. Alikuwa ameshawaona wauaji waliobeba watoto. Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kinamkereketa, na hakukijua ni nini. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Afande, umekalia siafu?" Koplo aliuliza walipotoka.

"Kuna kitu kimepita mbele yangu sikukiona."

"Chakula cha mchana hicho. Nenda nyumbani ukale."

Alikwenda, si kwa njaa. Alitaka kumwona Chiriku kwa macho yake.

Nyumbani kulikuwa na vita. Chiriku alikuwa amekwisha vaa viatu, miguu kinyume, anadai uwanjani. Bibi yake, mama mzazi wa Inspekta, alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele kana kwamba hasikii.

"Mwambie mwanao," alisema. "Mimi nimesema hakuna kutoka, naitwa bibi mbaya."

"Bibi mbaya!" Chiriku alithibitisha.

"Leo hatuendi, mama," Inspekta alisema, akamvua viatu.

"Kesho?"

"Sijui."

Neno hilo lilimchoma mwenyewe. Alikaa mezani mbele ya sahani asile. Chiriku, aliyekuwa hakai na huzuni zaidi ya dakika, alimchukua mwanasesere wake akaenda kwenye mlango wa jikoni. Akamtoa mwanasesere nje. Akauvuta mlango, akaweka goti dogo chini yake kama anayeuinua, akanyoosha mkono juu kadiri alivyoweza, akasukuma hewa.

"Inua. Sukuma. Imeingia!" alisema. Akautikisa mlango mara mbili kuhakikisha. "Imeingia. Haya, cheza."

Akaufungua. Akaanza upya. Inua, sukuma, imeingia.

Inspekta aliweka kijiko chini. "Chiriku, unafanya nini?"

"Nafunga geti."

"Nani kakufundisha?"

"Shangazi. Shangazi anafunga geti."

Kwa ghafla kile kilichokuwa kinamkereketa kikakaa wazi mbele yake. Mama Pacha alipambana na komeo. Alimtua mtoto chini ili alifungue. Kwa hiyo asubuhi ile komeo la juu lilikuwa limefungwa.

Na nani alilifunga? Mzee Reki alikuwa ndani, amekufa. Alipokuwa peke yake asubuhi hakulifunga kamwe, maana alikuwa anaingia na kutoka na toroli la taka. Fundi halijui linavyofungwa. Komeo lenyewe liko upande wa nje, juu, hata aliye ndani hulifikia kwa kupitisha mkono juu ya geti, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na halitaki mpaka uliinue geti kwa goti. Mtu alimsukuma mzee, akamwona hainuki, akakimbia, na katika kukimbia kwake akasimama getini akainua, akasukuma, likaingia. Hakukuwa na mtoto ndani wa kumlinda. Mtu wa namna gani anafanya hivyo?

Mtu ambaye mkono wake haujui kuliacha.

"Mama," Inspekta alimwita mama yake. "Yule Shangazi wa uwanjani, mtoto wake ni yupi?"

Ungo ulisimama. "Hana mtoto pale. Hujui?"

"Kila siku yupo."

"Yupo, ndiyo. Wewe umehamia kwangu juzi, hujui mambo ya hapa." Bibi alishusha sauti, akamtazama Chiriku kwanza. "Alikuwa anamleta mtoto wa kaka yake. Msichana, mkubwa kidogo kuliko huyu. Imepita miaka miwili sasa. Siku moja geti likawa wazi, mtoto akatoka mbio kufuata mpira, gari likampitia. Pale pale mbele ya geti."

"Nani aliliacha wazi?"

"Yeye. Ndiye aliyeingia wa mwisho. Yeye alisema alifunga, lakini Mzee Reki alishuhudia kwamba alikuwa stoo na hakuna mwingine aliyepita. Kaka yake hajasema naye tangu mazishi. Watu nao, unawajua. Mpaka leo hakuna anayemwachia mtoto hata akienda kujisaidia." Alianza kupepeta tena, polepole. "Mimi namwonea huruma. Anakuja anakaa. Kila mtu akipita anainuka kulitazama geti. Wanamcheka, wanamwita askari wa zamu."

Inspekta alikuwa ameshavaa kofia, simu sikioni, anamwita Koplo.

Shangazi alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi, mitaa miwili kutoka uwanjani. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kuvunja mtu moyo, mvuke kila mahali, mashati meupe yamening'inia kwenye waya. Mwenyewe alikuwa mwembamba, kilemba kimekazwa, mikono yake inakwenda na kurudi juu ya shati bila kusita. Alipomwona Inspekta alitabasamu.

"Mama Chiriku! Mtoto hajambo? Leo sijamwona."

"Hajambo, Shangazi. Umesikia ya Mzee Reki?"

"Nimesikia." Pasi iliendelea. "Mungu amlaze."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Wapi tena?"

"Dobi anasema umechelewa."

"Nilichelewa kidogo. Kichwa kiliuma."

"Ulipita uwanjani?"

"Sikupita."

"Jana ulisikia Mzee Reki akigombana na Fundi?"

"Kila mtu alisikia."

"Na baada ya ugomvi, uliongea naye?"

"Salamu tu."

Majibu mafupi, sauti ileile. Inspekta aliona kwamba angeweza kumuuliza mpaka jioni akapata vipande hivyo hivyo. Vikombe vya chai visingemsaidia, maana cha pili hakikuguswa. Kesho jalada lingeondoka, na Fundi nalo. Alijua swali moja tu ambalo mwanamke huyu asingeweza kulijibu kwa utulivu, na lilikuwa swali la kikatili. Alilichukia kabla hajalisema.

"Shangazi, nimekuja kwa sababu ya Mama Pacha. Leo asubuhi amekuta geti la uwanja liko wazi. Wazi kabisa. Mwanawe mmoja ametoka, ameshikwa ameshafika barabarani."

Pasi ilisimama.

"Hapana," alisema Shangazi.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Hapana! Uongo! Mimi siachi geti wazi!"

"Leo umeliacha."

"Nimelifunga!" Sauti ilipasua kile chumba, mpaka dobi kule mbele akanyamaza na mteja wake. "Nimelifunga mimi! Nani anasema sikulifunga? Watu wa mtaa huu mna nini na mimi?"

Hapo ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Alimtazama Inspekta. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda, na Koplo, aliyekuwa mlangoni, akaja taratibu akaiinua pasi kutoka kwenye shati la watu.

"Umelifunga leo, Shangazi," alisema Inspekta. "Na umesema hukupita."

Shangazi alikaa juu ya furushi la nguo chafu. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ni mzima."

"Niapie."

"Naapa kwa Chiriku."

Shangazi alishusha pumzi ndefu. Inspekta alimwambia kwamba hakuwa na lazima ya kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani. Shangazi alipunga mkono kama anayefukuza inzi.

"Wacha niseme. Nimechoka kunyamaza." Alijifuta uso kwa kanga. "Jana baada ya ule ugomvi nilimfuata. Nilimwambia, mzee wangu, mbona umemjia juu kijana wa watu hivyo? Akanitazama, macho yamejaa maji. Akasema, njoo kesho mapema, kabla ya watu, nina neno na wewe."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Kanimiminia chai. Mimi nafikiri anaumwa, au wanamwachisha kazi. Anaanza, 'Mwanangu, ile siku.' Mimi moyo ukapiga paa. Hakuna mtu anayenitajia ile siku usoni. Anasema, 'Ile siku nilipita na toroli. Ulikuwa umeshaingia na mtoto. Nikatoka kumwaga taka, nikarudi, komeo sikulirudisha.'" Alikaza midomo. "Sikulirudisha. Kasema kama mtu aliyesahau chumvi."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Nikamwuliza, kwa nini ulisema ulikuwa stoo? Anasema aliogopa. Kazi, wajukuu, polisi. Alidhani yataisha. Yataisha! Kaka yangu hanipi hata mgongo wake niuone, anavuka barabara. Usiku nalala naliona geti. Nililifunga, sikulifunga, nililifunga, sikulifunga. Mwishowe nikakubali. Nikasema basi, watu wote hawawezi kukosea, ni mimi. Nimemuua mtoto wa kaka yangu kwa uzembe. Ndiyo maana naja pale kila siku. Siji kukaa, Mama Chiriku. Naja kulinda geti."

"Najua."

"Na yeye ananiona. Miaka miwili ananiona nainuka, nakaa, nainuka, watu wananicheka, ananimiminia chai." Aliikunja kanga mikononi. "Alipomaliza kusema akashusha pumzi. Akasema, 'Sasa nimepumua.' Akatabasamu, Mama Chiriku. Kapumua! Nikasimama. Naye akasimama, anataka kunishika bega. Nikamsukuma. Nilitaka aondoke mbele yangu tu. Akaenda kinyumenyume, akajikwaa kwenye mchanga. Nilisikia sauti ya kichwa."

"Ukamwita?"

"Nilimwita. Nilimtikisa. Macho yananitazama." Aliinamia sakafu. "Sikutaka afe. Nilitaka akasimame mbele ya kaka yangu aseme alivyoniambia. Sasa atasema nini? Nimemfunga mdomo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Mvuke ulikuwa umeanza kutulia. Shangazi aliinua uso, na hofu iliyokuwemo machoni mwake haikuwa ya pingu.

"Nimekupigia kelele kwamba nimelifunga. Lakini kusema kweli sikumbuki. Nakumbuka yale macho, kisha nakumbuka niko hapa nimeshika pasi. Geti silikumbuki kabisa." Sauti ilimwishia. "Kwa hiyo nimeliacha wazi. Hata leo. Na mtoto wa Mama Pacha..."

Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa amehoji watu wengi na hakuwahi kumwomba mtuhumiwa radhi.

"Shangazi, nisamehe. Nimekudanganya. Geti halikuwa wazi."

Shangazi alishika ukingo wa furushi.

"Lilikuwa limefungwa. Komeo la juu, limeingia mpaka mwisho. Mama Pacha alipambana nalo mpaka akamtua mtoto chini. Amesema mwenyewe, kabla sijajua maana yake. Hakuna mtoto aliyetoka. Ndiyo iliyonileta kwako."

"Limefungwa?"

"Ndiyo."

"Nani kalifunga?"

"Nani mwingine? Mzee alikuwa chini. Fundi haliwezi. Wewe umelifunga. Umetoka pale hujui unakokwenda, hukumbuki hata barabara, na mkono wako umeinua, umesukuma, limeingia."

Shangazi aliitazama mikono yake, kiganja, kisha upande wa pili. Ilimchukua muda. Inspekta hakumharakisha, maana hatua iliyokuwa imebaki ilikuwa ya mwenyewe kuikanyaga.

"Basi na ile siku," alisema Shangazi. "Na ile siku nililifunga."

"Ulilifunga."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akijipigapiga goti, na alikuwa analia kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza. Dobi alichungulia akarudi. Koplo aligeukia mashati, akayahesabu bila sababu.

"Andika hilo," Shangazi alisema alipopata sauti. "Andika hilo kwanza, kabla ya mzee. Mengine nitatia sahihi yote."

Jioni Fundi alifunguliwa. Alimchukua mtoto kutoka begani kwa mkewe, akatoka bila kuaga mtu, kisha akarudi mlangoni. "Afande, lile geti nitalitengeneza bure. Lijifunge lenyewe."

Mkuu wa Kituo alisoma maelezo mara mbili, akikuna kidevu. "Wakili wake atasema marehemu alikiri. Mwendesha mashtaka atasema mwanamke katunga, maiti haijibu. Nani shahidi wa maneno ya marehemu?"

"Hana shahidi, mkuu. Ila komeo linaye. Mama Pacha alilikuta limefungwa. Nimeliandika ukurasa wa kwanza, alivyotaka."

"Komeo ndilo linalomtia hatiani."

"Ndilo, mkuu. Na ndilo linalomsafisha."

Mkuu akapiga muhuri.

Kaka yake Shangazi alikuja giza lilipoanza kuingia. Inspekta ndiye aliyempigia simu. Alikuwa mwokaji mikate, mpana, unga bado uko kwenye nywele za mikono, na alikataa kiti. Alisimama kwenye korido akasikiliza maelezo yote yakisomwa, toroli, stoo, chai, mpaka mwisho. Yaliposomwa ya mzee alitazama sakafu. Yaliposomwa ya geti alisogea karibu.

"Hapo rudia."

Inspekta alirudia.

"Alifunga?"

"Alifunga. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kuamini."

Yule mtu aliegemea ukuta, unga ukabaki pale alipoegemea. Alisugua uso kwa viganja, kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni mlango upi.

Shangazi alikuwa amekaa mezani, kilemba kimelegea, hakuinua kichwa mlango ulipofunguka. Alidhani ni askari. Kaka yake aliuvuta ule mlango nyuma yake, akazunguka meza, akavuta kiti upande wake na si upande wa pili, akakaa.

"Umekula?" alimwuliza.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mazishi.